Sikio la Mtu wa Pili

Jumanne, 3 Agosti 1954

Nimehamishwa chumba ofisini. Bwana Hallam, mkubwa wangu wa kazi, aliponiita asubuhi nilidhani nafukuzwa. Nilikwisha kuanza kufikiri nitamwambiaje baba kule Bukoba, na baiskeli nitamuuzia nani. Kumbe ni picha tu. Masanduku ya picha za wakati wa Mjerumani, zilizopigwa kwetu na daktari mmoja aliyependa kamera kuliko wagonjwa. Bwana anaandika kitabu cha historia ya kahawa ya Wahaya. Anataka kila uso upate jina. Mimi ndiye Mhaya pekee ofisini, kwa hiyo nyuso ni zangu.

Nyingi bado ziko kwenye vioo vya kamera, hazijasafishwa kwenye karatasi. Bwana amesema kioo kikivunjika, mtu amekufa mara ya pili. Amesema huku akicheka. Mimi sikucheka. Nimevibeba kimoja kimoja kama mayai, na jioni hii shingo haigeuki.

Lakini nimefurahi — sijui kwa nini. Kutwa nimekaa na watu wasioniamuru kitu.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nimefundishwa kazi. Nywele usiziangalie, zinanyolewa. Pua usiiamini, pua hunenepa. Angalia sikio. Mtu huzeeka, sikio lake hubaki lile lile, na mkunjo wake hurithiwa na mtoto na mjukuu. Nimepewa kioo cha kukuzia chenye mpini wa shaba, na onyo kwamba ni mali ya serikali.

Nyumbani Temeke nikamchunguza Adelard wakati anakula. Tunapanga chumba kimoja. Yeye ni karani wa reli, mtu wa Kamachumu, mkubwa kwangu, maneno hayamwishi.

— Umeona kunguni?

— Naangalia sikio lako.

— Basi likiwa la mtoto wa chifu niambie mapema, niache kuosha sahani.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa Chang'ombe nimesimama nje ya kanisa na bahasha ya picha. Nilidhani watakuja wachache kwa kunihurumia. Wamenizingira. Bwana ameahidi nakala bure kwa kila atakayemtambua jamaa yake, na habari hiyo imefika kabla yangu. Mzee mmoja pichani, mwenye mwamvuli, amepata wajukuu wanne wasiojuana. Mmoja wao ni Mchaga, namfahamu kabisa. Nikamwuliza babu yake alifikaje Bukoba. Akajibu kwamba babu alikuwa mpenda safari.

Sasa jambo la kweli. Felicitas binti Apolinari alikaa upande wa wanawake, pale pale pake. Mwaka mzima huu nimechagua benchi ambalo kutoka hapo naona shavu lake na sikio lake moja. Sikio hilo limekunjika juu, kama ukurasa uliowekewa alama na mtu aliyekusudia kurudi. Leo nimeliangalia kikazi.

Akanipita nje akasema, Bwana Karani, leo umesali ukiliangalia sikio langu. Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akasema, kumbe serikali ina macho makubwa hivyo. Akaenda zake na wenzake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Adelard amekubali kuwa mshenga wangu, na kwa mdomo wake Chang'ombe nzima imekwisha kusikia. Ataenda kwa Mzee Apolinari mwanzoni mwa mwezi ujao. Nikilifikiria hilo, uso unacheka wenyewe. Nimejiona kwenye kioo cha kunyolea. Si uso wa karani.

Jumatatu, 9 Agosti

Bwana amesikia habari za wajukuu wanne. Tangu leo nakala hapewi mtu mpaka afike ofisini, atamke mbele ya Bwana jina la aliye pichani na undugu wao, kisha atie sahihi. Na alichotamka kitachapwa kitabuni. Nimebandika tangazo. Nimelinyoosha mara nyingi, bado limepinda.

Jumatano, 11 Agosti

Nimempata babu!

Bwana Abdulhussein, mwenye duka la picha anayetusafishia vioo hivi kwenye karatasi, aliitoa picha majini, akaitazama, akanitazama mimi.

— Karani, wewe uliingiaje humu?

Ni yeye. Kaijage, babu yangu mzaa baba. Nilimwona kwa macho yangu nilipokuwa mdogo. Alikuwa na tabia ya kushika kiwiko chake kama mtu anayejizuia asiondoke. Hapo pichani ni kijana, pua yangu, paji langu, na kiwiko amekishika. Ameketi mkekani ameelekeana na kijana mwingine. Kila mmoja ana punje ya kahawa kati ya vidole. Pembeni mwa kioo Mjerumani ameandika jina la kijiji na neno kahawa, basi.

Nimerudi ofisini kwa miguu, baiskeli nikiisukuma, nikaisahau nje ya duka la mtu, nikairudia. Kwenye kadi nimeandika kwa mwandiko wangu bora: Wanaume wawili wakionja kahawa. Kushoto ni Kaijage wa Kanyigo.

Jioni nimemwonyesha Adelard. Akaacha kutafuna.

— Wanaonja? Wewe umeonja kahawa lini ukiwa kitovu nje?

Kweli, nguo zao zote mbili zimefungwa chini ya kitovu. Na pembeni kuna mkono wa mtu wa tatu, umeshika kisu kidogo. Mimi nimesoma Tabora, nimepita hapo kama kipofu. Adelard akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Huo ni omukago, udugu wa kuchanjiana. Buni moja hupasuliwa, ina punje mbili. Kila mmoja huchanjwa karibu na kitovu, punje ikapakwa damu, kisha huyu humeza ya yule na yule ya huyu. Tangu hapo ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Ukimkosea ndugu yako huyo, punje inavimba ndani yako.

— Na watoto wao?

— Ndugu. Na wajukuu. Hawadhuriani, hawanyimani, hawaoani. Mbona unauliza kama polisi?

Nilikuwa nauliza tu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimemweleza Bwana. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Hajapata kuona picha ya omukago popote, wala hajasikia kama ipo. Itakuwa ya kwanza kitabuni. Amenipa mkono, mimi! Sasa anataka jina la mtu wa pili.

Baada ya chakula nimechukua kioo cha kukuzia.

Sikio la huyo wa pili limekunjika juu, kama ukurasa uliowekewa alama.

Nimefunga droo. Nimefungua. Bado limekunjika.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimepekua masanduku yote. Nyuso nyingi, masikio mengi, hakuna lenye mkunjo ule. Adelard anasema Bukoba nzima ina masikio ya ajabu, nisijitie wazimu. Nikamwuliza amewahi kuona jingine. Akafikiri. Akasema amemwona Mzee Apolinari.

Siamini habari za punje kuvimba tumboni. Nimesoma biolojia. Tumbo limeniuma kutwa.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria, kanisa limejaa mpaka nje. Sikumwangalia Felicitas sikio. Nimeangalia kiatu changu misa nzima.

Baada ya misa nimemwonyesha picha, nyuma ya ukuta wa shule, watu wakituona lakini hawatusikii. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuningoja. Alicheka mara alipoiona.

— Huyu ni baba kavaa kaniki!

Kisha akaacha kucheka. Akaisogeza karibu. Akasema pole pole kwamba huyu si baba, huyu ni baba wa baba. Rutahindurwa. Alichukuliwa kubeba mizigo vita vya Wajerumani, hakurudi. Nyumbani kwao hakuna picha yake hata moja, hakuna mtu aliyejua kama alipata kupigwa picha.

Nikamweleza kahawa, kitovu, kisu. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, ana tabia ya kukuacha umalize sentensi hata kama ni mbaya. Nikamaliza.

— Kwa hiyo mie na wewe ni nani?

— Kwa desturi, ndugu.

— Shikamoo, kaka.

Nikamwomba asifanye hivyo. Akasema tena, shikamoo kaka, na akapiga goti kidogo kama watoto wake wa shule, akacheka mpaka mama mmoja akageuka. Nami nikacheka. Sijui nilicheka nini — nilikuwa nataka kulia. Alipofuta macho akaniambia jambo moja la sawasawa: baba yake akiitambua picha hii, Adelard asisumbuke kuja. Baba yake hula kwa desturi, hulala kwa desturi.

Lakini alipoondoka aligeuka mara mbili. Mara mbili. Nimefika Temeke bila kukumbuka njia.

Jumatano, 18 Agosti

Bwana amepata kwa katekista majina ya wazee wa Kihaya wote wa upande wetu. Amepitisha kalamu juu yake, akaisimamisha. Apolinari, fundi seremala wa reli, amestaafu, Chang'ombe. Amesema huyu anatoka kijiji kile kile, nimpelekee picha Jumamosi.

Nimesema ndiyo, bwana. Ningesema nini?

Jumamosi, 21 Agosti

Nimeenda. Nimevaa tai, nikaivua njiani, nikaivaa tena mlangoni.

Mzee Apolinari alikuwa uani akipiga randa mguu wa meza. Nikamwamkia. Akanikaribisha ndani. Felicitas akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa kumpa mgeni. Akanishikia mbele ya uso, macho chini, adabu tupu, na mdomo ukimchezacheza. Nikachukua punje. Niliishika mkononi mpaka mwisho. Sikuweza kuitia mdomoni, na mzee aliona.

— Siku hizi vijana wa ofisini hamtafuni?

— Jino, mzee.

Nikampa picha. Akatoka nayo mlangoni penye mwanga. Mimi nilimwona kwa mgongo. Kuku akaingia na kutoka. Kisha nikaona mkono wake unapanda, akavua kofia. Kwetu kofia haivuliwi picha. Huvuliwa baba.

Akarudi, kofia mkononi, akanipa picha kwa mikono miwili.

— Simjui huyu.

Nikabaki namtazama. Felicitas pia. Akasema wa kushoto ndiye anayefanana na mimi. Nikasema ndiye babu yangu, Kaijage. Akaitikia, ameona. Kisha, akiwa ameshatoka tena uani kwenye randa yake:

— Picha hizi mnauza?

— Hatuuzi, mzee. Hupewa ndugu wa waliomo, akishatamka mbele ya Bwana.

— Aa.

Randa ikapiga mara mbili tatu.

— Ni picha nzuri tu, akasema. Mkeka umesukwa vizuri.

Jumapili, 22 Agosti

Hakuna kazi leo, na sina ninachofikiri kingine. Amesema hamjui. Amevua kofia. Amesema hamjui ili nini? Adelard amelala chali kitandani, anasema, wewe ni karani lakini husomi. Mzee hataki kumpoteza kijana mwenye mshahara. Nikamwambia si hilo. Akasema basi hataki kumliza binti. Ni hilo.

Kwa furaha nimefua shati lililokuwa safi.

Kisha nikawaza: amemtoa baba yake. Uso wake ndio huo mmoja duniani, na ameurudisha kwangu kwa mikono miwili. Furaha ikakaa vibaya.

Jumatatu, 23 Agosti

Siku gani hii! Naandika mkono umefungwa kitambaa.

Asubuhi nimemkuta Mzee Apolinari kwenye benchi la ofisini, amevaa koti. Alitaka kuiangalia tena ile picha, kama si taabu. Bwana alifurahi sana kumwona, akaniagiza nitafsiri: Je, amemkumbuka mtu yule? Ana undugu naye?

Nikatafsiri. Mzee akanitazama mimi, hakumtazama Bwana.

— Mwambie macho yangu yanafikiri bado.

Bwana akakubali kungoja, ila kadi anaitaka kesho saa nane mchana, maana kesho sanduku linakwenda kwa mpiga chapa. Akaingia mkutanoni. Tukabaki wawili, na picha mezani. Mzee hakuigusa. Alianza kunisimulia habari za baba yake kama hazihusiani na kilicho mbele yetu. Kwamba vita vilipomchukua baba, yeye alikuwa mdogo wa kuchunga mbuzi. Kwamba anakumbuka mikono ya baba yake, fundi hukumbuka mikono, lakini uso ulimtoka, na kila alipoutafuta alijikuta anauona wake mwenyewe kwenye maji ya kunolea.

Sikuvumilia.

— Mzee, ukitamka neno moja tu unapewa nakala sasa hivi.

— Na binti yangu nitamtamkia neno gani?

Basi anajua. Na anajua kwamba najua. Nilitaka kuingia chini ya meza.

Akaishika picha kwa ncha za vidole.

— Wewe, babu yako yumo humu?

— Yumo.

— Umetamka mbele ya mzungu?

— Nimetamka.

— Basi una haki ya nakala. Ichukue. Itundike nyumbani kwako, mahali penye mwanga, isipigwe na moshi. Mie nina desturi ya kuwatembelea wanangu walioolewa.

Akavaa kofia, akaaga, akaondoka. Nikamwamkia badala ya kumuaga. Nikaendelea na kazi. Nikapanda baiskeli saa ya kutoka. Ni nilipofika Keko ndipo nilipoelewa alichosema — wanangu walioolewa — nikaachia usukani. Nimeangukia mbele ya muuza mihogo. Akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia naoa. Akasema pole.

Nikaenda moja kwa moja shuleni kwa Felicitas, damu kiganjani, akiwatoa watoto wake. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: baba yako amekubali! Kwenye kadi naandika mtu wa pili Hajulikani, kitabu kinachapwa, Bukoba hakuna atakayejua, picha inakaa ukutani kwetu. Nilisema kwetu. Masikio yaliniwaka.

Alinifunga mkono kwa kitambaa chake. Alikuwa anatabasamu, kisha hatabasamu.

— Baba atakuja kwetu, atakaa chini ya ile picha, atakunywa chai. Watoto watauliza, huyu ni babu yake baba, na huyu wa pili? Utawaambia nani?

— Tutasema hatumjui.

— Mbele ya baba?

Akakaza fundo la kitambaa.

— Mie siwezi, Gozbert. Alibeba mizigo ya watu mpaka akafa, hana kaburi. Sasa hata hapo pichani alipo, na jina lake tumfutie, ili mimi nivae shela? Andika jina. Halafu Adelard aende siku hiyo hiyo. Wazee wakikataa wakatae nikiwa nimesimama pale.

— Na wakikataa?

— Utakuwa umeoa mkorofi au umemkosa mkorofi. Nenda ukaoshe hilo jeraha.

Hajapata kuniita kwa jina kabla ya leo. Nimelirudia njia nzima. Hofu ninayo. Lakini na furaha ipo, na zote mbili haziniachi nikae chini. Adelard amenifukuza chumbani nikatembee.

Jumanne, 24 Agosti

Ofisini. Saa saba imekwisha kupita. Naandika haya juu ya meza ya serikali, jambo nisilolifanya kamwe.

Asubuhi nimemweleza Adelard maneno yote mawili, ya baba na ya binti. Akasema baba amekupa mke, binti anakupa vita, chagua usingizi. Nikamwuliza angefanyaje yeye. Akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Akasema koti lake la ushenga liko kwa dobi, atalichukua leo, nisimwulize jingine.

Bwana Abdulhussein ameleta nakala yangu. Ameikuza bila kuambiwa. Rutahindurwa ananitazama — au anamtazama babu, ni vigumu kujua, wamekaa karibu mno. Punje bado hazijamezwa. Sikuwa nimeliona hilo. Mjerumani aliwapiga picha kabla. Wanasubiri amalize na kamera yake, na wote wawili, nikiangalia kwa kioo, wanajizuia kucheka.

Kadi iko mbele yangu. Kushoto: Kaijage wa Kanyigo. Kulia: pako wazi.

Nikiandika Hajulikani, mzee ana uso wa baba yake kila Jumapili na mimi nina mke anayenitazama nikidanganya. Nikiandika jina, linasomwa Bukoba, na wazee watakaa kikao, na huenda mwezi ujao ninamwona Felicitas kanisani tu, shavu na sikio. Na mzee atajua nimeitupa zawadi yake. Nimejaribu kusali. Nimejikuta nasali kwamba kioo kivunjike. Nikaomba msamaha.

Mkutano umekwisha, viti vinasukumwa. Nasikia viatu vya Bwana kwenye ukumbi, na sauti yake inauliza kama kadi iko tayari. Nimejibu, ndiyo, bwana, na haikuwa tayari.

Mkono unauma pale ulipochubuka.

Nimechovya nibu. Nimeandika R.

Kubwa mno. Imegusa mstari wa babu. Bwana yuko mlangoni, ananyoosha mkono, na mimi namwambia, dakika moja tu, bwana, ni jina refu.